Umeitwa kazini Ahmedabad: namna ya kuamua kabla hujasaini

Waliponialika kwenda kuiona ofisi, tiketi ilikuwa ya tarehe 11 Januari. Siku tatu baadaye Ahmedabad nzima, jiji kubwa la jimbo la Gujarat huko India, ilipanda mapaani kurusha vishada, ni sikukuu yao ya Uttarayan. Mchana digrii 27, usiku nikaazima sweta. Nikajisemea moyoni: hili ndilo joto walilonitisha nalo? Nimekulia Tanga, joto kwangu halijawahi kuwa habari. Nikasaini. Mwezi wa Mei ulinikuta nimelala sakafuni, nimejifunika shuka lililoloweshwa maji, nikisubiri adhana ya alfajiri kama mgonjwa anayesubiri daktari.

Nilikaa miaka miwili na ushei, kazi yangu ikiwa kuandaa majalada ya usajili wa dawa zinazoletwa kuuzwa huku kwetu. Dawa nyingi unazozikuta kwenye maduka ya Dar na Nairobi hutengenezwa Gujarat, kwa hiyo nafasi za namna hii zipo na zitaendelea kuwepo. Sijuti kwenda. Najuta nilivyoamua: niliangalia mshahara kwanza, joto mwisho, na nyumba sikuiangalia kabisa. Utaratibu ulio hapa chini ndio ningeufuata leo. Nimeuandika kwa Ahmedabad kwa sababu ndiyo ninayoijua, ila ukiitwa Nagpur, Delhi au Chennai hesabu ni hizihizi, majibu tu ndiyo hubadilika.

Hatua ya 1: Jua ni joto la aina gani

Sisi watu wa pwani tunalijua fukuto. Dar ya Februari ni digrii 32 au 33, hewa nzito, jasho linatiririka na shati linaganda mgongoni. Joto la Ahmedabad kabla ya mvua ni kavu. Machi mchana hufika kama digrii 36, Aprili 40, na Mei wastani wa mchana ni karibu 42. Huo ni wastani, maana yake zipo siku za 44 na 45. Tarehe 20 Mei 2016 jiji lilifika digrii 48, na siku moja kabla yake Phalodi, katika jimbo jirani la Rajasthan, ilifika 51.

Kwenye joto kavu jasho hulioni. Linatoka na kukauka hapohapo, shati linabaki kavu lina mistari myeupe ya chumvi, nawe unajidhania mzima. Jioni kichwa kinagonga na mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi. Mtu wa Tanga au Mombasa ndiye anayedanganyika zaidi, kwa sababu amezoea kupima joto kwa jasho.

Katikati ya Juni hadi Septemba huja mvua. Upepo unaozileta ni uleule kusi wetu, ukishavuka bahari. Jiji hupata takribani milimita 800 kwa mwaka, karibu zote katika miezi hiyo minne. Digrii hushuka hadi 33 au 34 lakini fukuto linarudi, na hapo utajiona uko nyumbani, pamoja na mbu wake. Oktoba joto hupanda tena kidogo. Kisha Novemba hadi Februari ni raha tupu, usiku hushuka hadi digrii 12. Ndiyo maana waajiri hupenda kualika wageni Desemba na Januari. Si lazima iwe hila, wao wenyewe ndio wakati wanaopenda kutembea.

Ukiitwa Chennai, geuza kila kitu: joto lake ni la pwani, digrii chache kuliko Ahmedabad ila hewa imejaa maji, na mvua zake kubwa huja Oktoba hadi Desemba. Mafuriko ya Desemba 2015 yalilizamisha jiji. Hyderabad iko juu ya uwanda, zaidi ya mita 500 toka usawa wa bahari, usiku wake una huruma kidogo. Delhi ina joto la Mei na Juni, halafu Novemba inakuja na moshi unaokata pumzi; mwenye pumu aifikirie mara mbili.

Hatua ya 2: Hesabu saa zako, usihesabu digrii

Digrii za jiji ni za wote. Wewe unataka kujua ni saa ngapi kwa siku joto lile litakuwa kwenye ngozi yako. Chukua karatasi, andika siku moja ya kazi ya mwezi wa Mei tangu unaamka hadi unaamka tena, kisha hesabu mambo matatu.

La kwanza, saa utakazokuwa nje kati ya saa tano asubuhi na saa kumi na moja jioni. La pili, saa utakazokuwa ndani ya jengo lisilo na kiyoyozi. La tatu, saa utakazolala chumba kikiwa juu ya digrii 30.

Tulikuwa Waafrika wawili kwenye kampuni ile. Mimi nilikaa ofisini penye kiyoyozi saa nane kwa siku, nje sikuzidi dakika arobaini. Mwenzangu, Mganda, alikuwa msimamizi wa ghala huko Changodar nje ya jiji: paa la bati, malori yanapakia mchana kutwa. Mshahara wake ulinizidi, naye akaondoka kabla ya Julai. Yaani jiji lilelile, kampuni ileile, maisha mawili. La kuchekesha ni kwamba walioajiriwa ndani ya kiwanda chenyewe ndio walioishi vizuri kuliko sisi sote, maana vyumba vya kutengenezea dawa lazima viwe baridi. Dawa ilibembelezwa kuliko mtu.

Kwa hiyo usiulize "Ofisi ina kiyoyozi?" Utajibiwa ndiyo. Uliza: nitakaa meza ipi, jengo lipi, nitatembelea kiwanda au maghala mara ngapi kwa wiki, na nitafikaje kazini. Nauli na njia ni sehemu ya joto. Metro ya Ahmedabad ina kiyoyozi na inakwenda toka Vastral hadi Thaltej, na toka kusini mwa jiji hadi Motera na kuendelea Gandhinagar. Lakini toka kituoni hadi ofisini utapanda bajaji, na kwenye foleni ya Mei bajaji ni sufuria yenye magurudumu matatu. Wenyeji wengi huendesha skuta, wamejifunga kitambaa usoni hadi yabaki macho tu. Ukiwaona hivyo usidhani ni urembo.

Kipimo changu mwenyewe, si cha kitabu: hilo la kwanza likizidi saa mbili kwa siku, au la tatu likawa usiku mzima, kataa au dai masharti mapya. Hilo la pili linavumilika ukizoea, ila likiungana na la tatu hayavumiliki.

Hatua ya 3: Nyumba

Hapa kaa sana. Mwili unaweza kuvumilia mchana wa digrii 43 kama usiku unapumzika. Mei usiku wa Ahmedabad hushuka hadi 26 au 27 nje, lakini ndani ya nyumba mbaya utakuwa bado na 34 saa sita za usiku.

Adui ni ghorofa ya juu kabisa. Zege la paa hupigwa na jua kutwa nzima, likajaa joto kama jiwe la kuokea, kisha usiku linakutemea juu ya kitanda. Pangaboi linachokufanyia ni kulishusha joto lile la darini likufikie vizuri. Dalali atakusifia upepo na mandhari, na kodi itakuwa nafuu kuliko ghorofa za chini. Jiulize kwa nini ni nafuu. Mimi sikujiuliza.

Ukienda kuangalia nyumba nenda saa tatu usiku, si saa nne asubuhi. Weka kiganja ukutani, upande wa magharibi hasa, kisha panda juu ya kiti ushike dari. Ukuta ukiwa vuguvugu saa tatu usiku, ondoka. Fungua bomba: matangi yako juu ya paa, na maji ya saa tisa alasiri hutoka ya moto kiasi cha kuunguza. Wenyeji hujaza ndoo alfajiri ndipo wakaoga mchana. Angalia kama madirisha yanatazamana ili hewa ipite, na kama la chumba cha kulala linatazama machweo. Ukipata ghorofa ya katikati, inayotazama kaskazini au mashariki, yenye jengo lingine linaloikinga jua la jioni, lipa hata ongezeko la asilimia kumi ya kodi. Utalirudisha kwenye bili ya umeme.

(Wazee wao waliyajua haya. Nyumba za kale kwenye vichochoro vya mji mkongwe, wanaviita *pol*, zina kuta nene, ua wa ndani ulio wazi juu, na njia nyembamba ambazo jua haliwezi kushuka. Aliyewahi kuingia nyumba ya mawe Lamu au Mji Mkongwe Zanzibar ataitambua akili ileile.)

Vifaa viwili vya kupoza hewa vinauzwa, na tofauti yake ni muhimu. Kuna kile cha maji, sanduku lenye feni na nyasi au karatasi zinazoloweshwa. Hewa kavu ikipita humo hupoa. Ni rahisi kununua na umeme wake ni kidogo, na Aprili na Mei hufanya kazi vizuri sana Ahmedabad. Zikianza mvua hakifai kitu, kinazidisha fukuto tu. Chennai hakifai mwaka mzima. Cha pili ni kiyoyozi chenyewe. Huko hawapimi kwa BTU, wanapima kwa tani: tani 1 ni BTU 12,000, tani 1.5 ni BTU 18,000. Chumba cha kulala cha kawaida tani 1 hadi 1.5 inatosha. Kila kiyoyozi kina kibandiko cha serikali chenye nyota 1 hadi 5 na idadi ya uniti kwa mwaka, iliyokokotolewa kwa saa 1,600 za matumizi. Gawa uniti hizo kwa 1,600 upate za saa moja, zidisha kwa saa unazolala, kisha ongeza theluthi kwa ajili ya Mei. Mwenye nyumba akikwambia kiyoyozi kipo, tazama nyota na umri wake. Kiyoyozi cha nyota 2 cha miaka kumi ni mkopo unaolipa kila mwezi.

Lugha ya madalali: 2BHK ni vyumba viwili vya kulala, sebule na jiko. Mikataba mingi ni ya miezi 11. Amana mara nyingi ni kodi ya miezi miwili au mitatu, na dalali atataka yake. Majengo huendeshwa na jumuiya ya wakazi, wanayoiita "society", na hiyo ina usemi kuliko mwenye nyumba. Jambo hili litarudi.

Hatua ya 4: Mwili wako na wa familia

Mei 2010 joto la digrii 46.8 lilipita Ahmedabad, na vifo vya mwezi ule vilizidi vya kawaida kwa 1,344. Ndipo mwaka 2013 jiji likaanzisha mpango wa kukabiliana na joto, wa kwanza Asia ya Kusini: tahadhari ya rangi ya chungwa ikizidi digrii 43, nyekundu ikifika 45, hospitali zinajiandaa, maji yanawekwa mitaani. Rangi hizo utazizoea kama unavyozoea ratiba ya mgao wa umeme.

Kabla ya kusema ndiyo, nenda kwa daktari na orodha ya dawa unazotumia. Vidonge vya presha vinavyokojoza, baadhi ya dawa za mzio na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huufanya mwili ushindwe kujipoza au upoteze maji haraka. Mwenye seli mundu, au mwenye mtoto mwenye seli mundu, hili si jambo la kujaribu bahati: upungufu wa maji huamsha maumivu. Aliyewahi kuwa na mawe kwenye figo ajue joto kavu ni rafiki wa mawe. Mjamzito, mtoto mchanga na mzee, wasifike kwa mara ya kwanza mwezi wa Aprili.

Mwili wenye afya huzoea ndani ya wiki moja hadi mbili, ukiutia juani kidogokidogo. Ukikaa kwenye kiyoyozi mfululizo hauzoei. Kunywa kabla ya kiu. Wenyeji hunywa *chaas*, mtindi uliozimuliwa kwa maji ukatiwa chumvi na bizari nyembamba, glasi mbili mchana, na haina mbadala. Pakiti za chumvi na sukari za kuzuia kuishiwa maji, zilezile tunazompa mtoto anayeharisha, weka mezani ofisini. Na jua dalili moja ya kukimbizana nayo hospitali: mtu aliyepigwa joto akianza kuchanganyikiwa, kuongea ovyo au kuanguka, mloweshe maji, mpepee, piga 108, namba ya dharura, mara moja. Usimlazimishe kunywa.

Hatua ya 5: Usome mshahara kama mhasibu

Habari njema: neno *laki* ni lao, na maana ni ileile, 100,000. Barua ya ajira itasema, kwa mfano, laki 18 kwa mwaka. Habari mbaya: hiyo ni CTC, yaani jumla ya kila kitu mwajiri anachotoa kwa ajili yako, pamoja na mchango wake wa mfuko wa akiba, bima na pengine kiinua mgongo. Si fedha inayoingia mkononi.

Tuchambue. Laki 18 ni rupia 150,000 kwa mwezi. Tuseme mshahara wa msingi ni nusu, 75,000. Mfuko huo wa akiba, unaoitwa EPF, hukata asilimia 12 kwako na asilimia 12 kwa mwajiri, na kwa mfanyakazi mgeni hukatwa kwenye mshahara wote wa msingi bila ukomo: 9,000 zako na 9,000 zake ambazo tayari zimo ndani ya CTC. Kila mwezi 18,000 zimeondoka. Kwa viwango vya kodi vya mwaka wa fedha 2025/26, kodi ya mapato itakuwa karibu 10,700. Unabaki na kama 121,000, kabla bima na kiinua mgongo havijakatwa.

Hizo 18,000 ndizo zinazouma. Kanuni inasema mfanyakazi mgeni huchukua akiba yake ya EPF akifika miaka 58, isipokuwa nchi yake ina makubaliano ya hifadhi ya jamii na India. Tanzania na Kenya hazina. Mtu wa miaka 30 anaondoka na kuziacha fedha zake miaka 28. Kanuni hiyo imepingwa mahakamani. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Karnataka iliitangaza kuwa kinyume cha katiba, lakini Gujarat si Karnataka, na kesi za namna hii hazijaisha. Muulize mwajiri kwa maandishi: mnakata, mnakata kwenye kiasi gani, na mko tayari kunifidia kwenye mshahara wa mkononi? Kwenye barua ya kwanza niliyopewa neno hilo halikuwepo. Nililiona kwenye hati ya mshahara wa kwanza.

Ondoa kodi ya nyumba, umeme wa miezi minne ya joto ukiuhesabu mara mbili au tatu ya ule wa Januari, nauli ya kwenda nyumbani mara moja kwa mwaka, na unachotuma kwenu. Kinachobaki ndicho cha kulinganisha na mshahara wako wa sasa. Mwenzi wako akija kwa viza ya utegemezi haruhusiwi kuajiriwa, kwa hiyo mshahara wake wa nyumbani nao uingize kwenye hasara.

Hatua ya 6: Makaratasi

Viza ya ajira ya India ina kima cha chini: mshahara usiopungua laki 16.25 kwa mwaka, isipokuwa kwa makundi machache, wakiwemo wapishi wa vyakula vya kigeni, wafanyakazi wa balozi, na walimu wa lugha na wakalimani wa lugha zisizo Kiingereza. Naam, mwalimu wa Kiswahili hupita kwa mlango huo. Mwajiri akikupa laki 9 kwa kazi ya ofisini na kukwambia uje kwa viza ya biashara "tutarekebisha ukifika", funga mazungumzo.

Ukifika na viza ya zaidi ya siku 180, jiandikishe FRRO, ofisi ya wageni, ndani ya siku 14; siku hizi hufanyika kwa mtandao. Mwenye nyumba naye lazima atoe taarifa kwamba anamlaza mgeni, kwa fomu iliyojulikana kama C, ndani ya saa 24. Mwenye nyumba anayekwepa fomu hiyo atakuletea balaa wewe, si yeye. Kadi ya PAN ya kodi utaihitaji mapema kwa ajili ya benki na mshahara. Cheti cha homa ya manjano kichukue angalau siku kumi kabla ya safari. Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo bila cheti anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita.

Hatua ya 7: Watu, sahani na mlango wa jirani

Gujarat imepiga marufuku pombe tangu jimbo lianze mwaka 1960. Mgeni anaweza kuomba kibali. Kuchinja ng'ombe ni kosa kubwa la jinai, nyama ya ng'ombe isahau. Kuku, mbuzi na samaki wapo, hasa Jamalpur na Juhapura. Lakini majengo mengi upande wa magharibi ya mto Sabarmati hayapangishi mla nyama, na baadhi hayampangishi Mwislamu, yakisema wazi au kwa kuzunguka. Nyumba nzuri ya ghorofa ya tatu niliyoipata baadaye kwa kufuata hatua ya 3 niliikosa kwa swali moja la mwenyekiti wa jumuiya: "Unapika nini?" Kwa hiyo huenda joto na sahani vikagombana, na hilo ni bora ulijue kabla.

Mboga zao, kwa upande mwingine, nitazikumbuka hadi kaburini. Na dengu wanazokupikia kila mchana ni mbaazi, ambazo nyingine zimetoka Babati au Mtwara. Waulize wakulima wetu yaliyowapata mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa kuagiza.

Rangi yako itatazamwa. Mara nyingi ni udadisi: picha, maswali, "wewe ni Sidi?" Masidi ni Wagujarati wenye asili ya Afrika, wengi wako Jambur karibu na msitu wa Gir, na ngoma yao wanaiita *goma*. Msikiti maarufu wa Sidi Saiyyed katikati ya jiji, wenye madirisha ya jiwe lililochongwa kama mti, ulijengwa 1573 na mtu mwenye asili ya Uhabeshi. Lakini si udadisi tu. Machi 2024, wakati wa Ramadhani, kundi la watu liliwavamia wanafunzi wa kigeni wakisali kwenye bweni la Chuo Kikuu cha Gujarat. Walioumizwa walikuwemo Waafrika. Bengaluru mwaka 2016 mwanafunzi wa kike Mtanzania alishambuliwa na umati. Mimi sikuguswa na mtu, na ofisini waliniita kwa jina na *bhai* mwishoni kama ndugu. Ila tafuta Waafrika wawili wanaoishi pale sasa, uwaulize mtaa upi, saa ngapi usiku, na nani wa kumpigia. Balozi za Tanzania na Kenya ziko New Delhi, mbali.

Watoto: uliza mwaka wa masomo unaanza lini. Shule nyingi huanza Aprili au Juni, na mapumziko marefu ni Mei, ambao ndio mwezi wa kuwapeleka kwa bibi yao.

Hatua ya 8: Nenda Mei

Kabla ya kusaini, omba kutembelea kati ya tarehe 10 Mei na 10 Juni, siku saba angalau. Kampuni ikigoma kulipia, nauli ujilipie. Ni ghali, ila ni nafuu kuliko kuvunja mkataba. Usilale hotelini zaidi ya siku mbili. Kodisha chumba cha kawaida katika mtaa utakaoishi. Siku ya tatu nenda kazini kwa njia utakayotumia, saa utakayotumia, na urudi vilevile. Siku ya tano zima kiyoyozi usiku mmoja, bakiza pangaboi, uone utaamkaje. Kila asubuhi andika ulilala saa ngapi. Saa za usingizi zikiwa zaidi ya sita kwa siku nne kati ya saba, mwili umekubali.

Ikishindikana kabisa kwenda, basi mpigie mtu wa kule mwezi wa Mei saa nane mchana kwa saa zao, wako mbele yetu saa mbili na nusu, naye aliyepokea awe nje. Sikiliza jinsi anavyoongea.

Ukikubali, dai yaandikwe: kiyoyozi chenye nyota 4 au 5 chumbani au posho ya umeme Aprili hadi Julai, usafiri wa gari, ruhusa ya kuanza kazi saa moja asubuhi wakati wa tahadhari nyekundu, likizo ya mwaka uruhusiwe kuichukua Mei, bima ya afya inayoanza siku ya kwanza kazini, kwa wote mliokuja, na nauli ya kurudi ikiwa utaondoka ndani ya mwaka kwa sababu ya afya. Nilichogundua ni kwamba mambo haya waajiri huyakubali kirahisi kuliko kuongeza mshahara, kwa sababu hayaonekani kwenye jedwali la vyeo.

Tarehe ya kuripoti nayo ni ya kujadili. Watataka uanze Aprili, mwanzo wa mwaka wao wa fedha. Omba Novemba, wiki moja baada ya Diwali, ofisi zikiwa zimefunguliwa. Utapata miezi minne ya kutafuta nyumba bila haraka, kujua duka la *chaas* liko wapi, na kuhama kama umekosea ghorofa.